Nani Aruke?

Shangazi aliniambia nirudishe filamu nyuma kidogo, nikarudisha. Kate anainuka kutoka mezani, na yule bwana aliyetoka mwaka 1876 naye anainuka, anasimama wima kama wanafunzi mwalimu anapoingia darasani, mpaka mwanamke apite. Kate mwenyewe hajui aifanyeje heshima ile. Shangazi akaguna, akakunja kanga yake magotini, akasema, "Hapo. Hapo hasa ndipo ninapopataka."

Filamu yenyewe ni "Kate & Leopold" ya James Mangold, iliyotoka Marekani siku ya Krismasi mwaka 2001. Hugh Jackman ni Leopold, mtu wa ukoo wa kifalme wa Uingereza uliobaki na jina tu, hela zimekwisha. Yuko New York, na mjomba wake anataka aoe mwanamke tajiri wa Kimarekani. Usiku anaotakiwa kumtangaza mchumba, anamfuata mgeni mmoja wa ajabu, Stuart, aliyetoka wakati wetu, hadi kwenye Daraja la Brooklyn lililokuwa bado linajengwa. Stuart anateleza, Leopold anajaribu kumwokoa, wanaanguka wote wawili, na Leopold anazinduka New York ya wakati wetu. Huko anakutana na Kate McKay, yaani Meg Ryan, mtafiti wa soko aliyewahi kuwa mpenzi wa Stuart. Wanagombana, wanapendana, kama ilivyo desturi ya filamu za aina hii. Kisha Leopold anarudi kwao. Na Kate, usiku uleule anaotangazwa kupanda cheo, anaacha hafla, anapanda darajani, anaruka kumfuata.

Tulikuwa Tanga, nyumbani kwa Shangazi, Jumapili baada ya chakula cha mchana. Shangazi ni mwalimu mstaafu wa historia. Dada yangu mdogo, anayefanya kazi ya kutunga matangazo ya biashara Dar es Salaam, ndiye aliyeileta filamu. Kompyuta haijafungwa, wakaanza. Ninaandika yale niliyoyasikia.

DADA: Shangazi, hilo la kusimama hata mimi limenigusa. Ila mwisho umeniuma. Mwanamke amehangaika miaka yote ile, leo anaitwa mbele ya watu kupewa ukubwa wake, anaacha kila kitu anakwenda kuruka daraja. Kwenda wapi? Mwaka 1876! Mwanamke wa New York kapata kura 1917. Kate atakaa miaka 41 akisubiri kile ambacho jana alikuwa nacho.

SHANGAZI: Kura ni haki, hapo sikubishii. Lakini huo ukubwa, ulimsikia yule bosi wake alivyomsifu? Kwamba ana akili za kiume. Kwamba anawaelewa wanawake bila kuwa upande wao. Mtu anakusifu kwa kukutoa katika wenzako, nawe useme umepata? Leopold hakumsifu hata mara moja kwa kufanana na mwanamume.

DADA: Leopold hakumjua Kate akiwa kazini. Alimjua akiwa amechoka, usiku, anataka mtu wa kumsikiliza.

SHANGAZI: Na kumsikiliza mtu aliyechoka ni kazi ndogo? Ngoja nikukumbushe ile barua. Wamekosana. Huyu bwana angeweza kunyamaza, kesho yaishe. Anakaa chini, anaandika kwa mkono wake, anaomba radhi, anamwalika chakula cha usiku juu ya paa, meza imetandikwa, fidla inapigwa. Paa ni lilelile, mji ni uleule. Kilichoongezeka ni mtu aliyekaa akafikiri: nimemkosea, nifanyeje?

Hapa niliingilia, kwa sababu kuna jambo dogo ambalo kwangu lina uzito kuliko paa na fidla. Kate ana mdogo wake, Charlie, mwigizaji, anayempenda msichana mmoja, na kila akikutana naye anajigeuza mchekeshaji. Leopold anamweleza taratibu: ikiwa kila ukiwa mbele yake unafanya mzaha, yule binti atajuaje kwamba unamaanisha? Ni maneno machache tu, lakini nimewaona vijana wangapi, mimi mwenyewe nikiwemo, waliopoteza watu kwa kuogopa kusema jambo na sura ya mtu anayelisema kweli. Kama filamu hii ina zawadi moja, kwangu ni hiyo. Leopold hakuja na elimu ya siri kutoka karne ya 19. Amekuja na ujasiri wa kumaanisha.

DADA: Ujasiri anao, nakubali. Tuulize anaupata wapi. Kule kwao kuna mtu anaitwa Otis, mmemwona? Mtumishi. Leopold anaamka, shati limepigwa pasi na Otis, viatu vimeng'arishwa na Otis, chai imeletwa na Otis. Mtu wa namna hiyo ana muda wa kusimama kila mwanamke akisimama. Mama yetu alisimama maisha yake yote na hakuna aliyeliita adabu.

SHANGAZI: (alikaa kimya kidogo) Hilo ni kweli. Mama yenu aliwahi kula amekaa kweli?

DADA: Na kuna jingine. Nilipokuwa natafuta habari za filamu hii, nikasoma kuhusu Otis halisi, Elisha Otis. Huyu alikuwa fundi wa kiwanda cha vitanda karibu na New York. Lifti zilikuwepo kabla yake, lakini kamba ikikatika, watu wanakufa. Yeye akatengeneza breki inayojikamata yenyewe. Miaka ya 1850, kwenye maonyesho makubwa ya New York, alipanda juu ya jukwaa la lifti, akaamuru kamba ikatwe mbele ya umati. Ikakatwa. Jukwaa likashuka kidogo tu, likasimama. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria ikaanza kazi katika duka la ghorofa tano, barabara ya Broadway. Mwaka 1861 akafariki. Sasa filamu imefanyaje? Imempa Leopold uvumbuzi wa lifti, na jina la fundi imempa mtumishi wake. Aliyekatiwa kamba amegeuzwa wa kuleta chai.

Nilimtazama dada yangu. Alisema hayo kama mtu anayemtetea ndugu yake. Wala hakukosea: hadithi nzuri ikimnyima fundi jina lake, uzuri wake wenyewe unazidisha kosa, maana wengi wataikumbuka hadithi.

SHANGAZI: Umenifundisha. Lakini angalia upande wa pili, mwanangu. New York ya leo Otis hayupo. Leopold yuko peke yake, katika nguo za ajabu, polisi anamwandikia faini kwa sababu hakuokota kinyesi cha mbwa, mashine ya kuokia mkate inamshinda. Hana pasi, hana chai, hana cheo anachotambulika nacho. Watu wanamdhania mwigizaji au mgonjwa wa akili. Na bado anasimama mezani. Kate akiporwa mkoba, Leopold anapanda farasi anamkimbiza mwizi. Kama adabu ile ingekuwa ya kuletewa na mtumishi, ingeisha siku ya pili.

DADA: (akacheka) Ya farasi niachie, ile ni sinema.

SHANGAZI: Farasi nakuachia. Kusimama sikuachii.

Kisha wakahamia kwenye majarini, na hapo dada yangu aliongea kama mhusika kuliko mtazamaji. Leopold anachukuliwa kuigiza tangazo la majarini isiyonenepesha. Ana sura, ana sauti, ana lafudhi. Mbele ya kamera kila neno lake linaaminika. Halafu anaionja. Ni mbaya. Anasusa, anamwambia Kate kwamba wanawauzia watu uongo. Kate anamjibu kwa hasira ya mtu aliyelipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo hiyo kwa miaka: wakati mwingine unafanya usilolipenda, ndiyo maisha.

DADA: Pale nilikuwa upande wa Kate kwa roho yangu yote. Leopold anaweza kususa kwa sababu hajawahi kulipa kodi. Mimi nikisusa, mwisho wa mwezi mwenye nyumba atakuja na karatasi yake.

SHANGAZI: Ile juisi uliyoitungia maneno mwaka jana, mama, wewe unainywa?

Dada hakujibu.

SHANGAZI: Sikulaumu. Nauliza tu. Mimi nimefundisha miaka 31, na kuna mambo yaliyokuwa kwenye mtaala nikayafundisha nikijua si hivyo. Kwa hiyo namwelewa Kate. Lakini mtu akiingia nyumbani kwako, akaonja, akasema hii si siagi, usimchukie. Huyo amekukumbusha kwamba una ulimi.

Hapo niliuliza swali ambalo lilikuwa limenikera tangu mwanzo, la lugha. Huyu mtu tumwite nani kwa Kiswahili? "Bwana" halitoshi. Tulikuwa tunasema "muungwana" kila wakati, na sote tulijua tunachomaanisha: mtu mstaarabu, mwenye haya, anayetimiza ahadi.

SHANGAZI: Mngekuwa darasani kwangu ningewasimamisha hapo. Muungwana, katika pwani hii, lilikuwa jina la mtu asiye mtumwa. Uungwana haukuwa tabia kwanza, ulikuwa hadhi: una ukoo, una nyumba ya mawe, una watu wanaokulimia. Tabia nzuri zikafuata hadhi, watu wakadhani waliokosa hadhi hawana tabia. Na mwaka wenyewe mmeuona? 1876. Soko la watumwa Unguja lilikuwa limefungwa miaka mitatu tu nyuma, 1873. Mwaka huohuo wa 1876 Sultani Barghash akapiga marufuku misafara ya watumwa kutoka bara kuja pwani. Huku kwetu, siku Leopold anacheza dansi New York, kulikuwa na watu wengi ambao hakuna ambaye angewaita waungwana hata wangesimama mezani mara ngapi. Utumwa wenyewe Unguja ulikuja kuondolewa kisheria 1897, na huku bara Tanganyika 1922.

DADA: Kwa hiyo Shangazi unanisaidia mimi.

SHANGAZI: Naisaidia historia. Neno limetoka pabaya, ndiyo. Lakini nani alilibadilisha? Wajukuu wa wale wasioitwa. Leo hapa Tanga mchuuzi wa samaki akirudisha chenji iliyozidi anaambiwa, wewe muungwana. Hakuna anayeuliza babu yake alikuwa nani. Walilichukua neno la wenye nyumba za mawe wakalifanya la kila mtu. Mimi hilo silirudishi, nimeliokota kihalali.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile. Ndiyo yanayoniruhusu kumpenda Leopold bila kuupenda ulimwengu wake. Kusimama mezani si mali ya wenye vyeo, yeyote anaweza kukuokota.

Ila dada yangu alikuwa na hoja moja kubwa mkononi, na aliitoa taratibu, akiisoma kwenye simu ili asikosee tarehe.

DADA: Mwanzo wa filamu kuna bwana Roebling anahutubia umati mbele ya mnara wa daraja. Sasa sikilizeni. John Roebling, aliyelibuni daraja lile, alifariki 1869: mguu wake ulipondwa na kivuko gatini, akapata pepopunda. Mwanawe Washington akachukua kazi, akaugua kwa kushuka chini ya mto ndani ya masanduku ya hewa iliyoshindiliwa ambamo vibarua walichimba msingi. Kuanzia 1872 akawa mtu wa kitandani. Kwa hiyo mwaka 1876 mzee ni marehemu na kijana yuko ndani mgonjwa. Nani anabeba kazi kwa niaba yake? Mkewe, Emily. Alijifunza hesabu za nyaya na nguvu za chuma, akapeleka maagizo kwa mafundi, akaleta majibu, akazungumza na wakubwa wa mji, zaidi ya miaka kumi. Kabla daraja halijafunguliwa rasmi tarehe 24 Mei 1883, urefu kati ya minara miwili mita 486, yeye ndiye wa kwanza kuvuka kwa gari la farasi, amepakata jogoo kama ishara ya ushindi. Filamu nzima imejengwa juu ya daraja lile. Inaanzia hapo, inaishia hapo. Na mwanamke aliyelisimamia hayumo.

Chumba kilikuwa kimya. Mimi niliyeitazama filamu hiyo mara tatu sikuwahi kumtafuta.

SHANGAZI: Basi Kate hakuruka kwenye utupu. Kaenda wakati alimo Emily. Watakutana.

DADA: Watakutana wakafanye nini? Emily mwenyewe hakupewa cheo cha mhandisi. Aliishi kwa cheo cha mume. Unajua alifanya nini baadaye? Alisoma sheria, akamaliza 1899, akaandika insha juu ya jinsi sheria inavyomfunga mwanamke aliyeolewa. Mtu aliyejenga daraja anaandika kuomba awe mtu kamili. Huko ndiko Kate alikorukia.

SHANGAZI: Na Leopold je? Hakuacha kitu? Alitakiwa aoe mali. Hayo hayakuwa mambo ya kubuni.

Ni kweli, na hapa nilimuunga mkono kwa kielelezo. Mwezi Mei mwaka uleule wa 1876, jijini New York, Consuelo Yznaga, binti wa Kimarekani, aliolewa na mrithi wa cheo cha Manchester kutoka Uingereza. Miaka miwili kabla yake Jennie Jerome alikuwa ameolewa na Lord Randolph Churchill. Jina lilivuka bahari kuja kuchukua fedha, na fedha ikavuka kwenda kuchukua jina. Leopold anaposimama mbele ya wageni na kumtaja Kate McKay, mwanamke asiye na senti moja katika karne ile, anavunja biashara hiyo hadharani.

DADA: Amevunja akiwa nyumbani kwake, kwa lugha yake, kwa sheria zinazomlinda yeye. Kate ndiye aliyehama. Na si filamu hii tu. Iko nyingine ya 1979, "Time After Time", ambamo H. G. Wells anatoka London mwaka 1893 anatua San Francisco, anampenda karani wa benki. Mwisho nani anamfuata mwenziwe? Karani wa benki. Kila mara mwanamume wa zamani anakuja, anatufundisha adabu, halafu mwanamke wa sasa ndiye anayefunga mizigo. Kwa nini Leopold asibaki? Hilo tu. Nani alimwuliza kwa dhati, wewe utabaki?

SHANGAZI: Lifti zilikuwa zinagoma mji mzima tangu aondoke kwao. Asingerudi akazivumbua...

DADA: Shangazi! Tumeshasema lifti si zake.

Nadhani hapo dada yangu aliifikia mifupa ya hadithi. Waandishi walijua swali litaulizwa, wakaziba njia mapema: Leopold lazima arudi kwa sababu ulimwengu unamhitaji. Kazi yake ni ulimwengu. Kazi ya Kate ni kazi tu, inaachika kati ya sentensi mbili za hotuba. Siamini kwamba walifanya kwa ubaya. Nadhani halikuwajia tu wazo kwamba mtu anayejua kusimama mwanamke anapoinuka anaweza pia kubaki pale mwanamke alipo.

Shangazi alichukua muda. Alipoanza tena hakuwa anabishana.

SHANGAZI: Mwaka 1978 mimi nilipangiwa Masasi. Elimu kwa wote ilikuwa imeanza mwaka uliotangulia, walimu wanatakiwa kila kona. Nina miezi mitano ya ndoa. Marehemu alikuwa na kibanda chake cha ushonaji hapa Tanga, karibu na soko, wateja wamejaa. Watu wote wakaniambia, omba ubaki, barua tu, sema una mume. Nikaiandika ile barua. Nikamwonyesha.

DADA: Akasemaje?

SHANGAZI: Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. Akasema, Masasi wanavaa nguo au hawavai?

Tukacheka, naye akatusubiri tumalize.

SHANGAZI: Kichwa cha cherehani alikifunga ndani ya blanketi, kamba ya katani juu yake. Meza ya cherehani tukaiacha, haibebeki. Basi hadi Dar es Salaam, tukalala kwa ndugu, halafu barabara ya kusini. Siku hizo hakuna Daraja la Mkapa. Hilo limekuja 2003. Rufiji tunavuka kwa pantoni. Abiria wote wanashuka, gari linaingia tupu. Kondakta akamwambia acha mzigo juu ya keria. Hakukubali. Alikipakata kile kichwa cha Singer mto wote, amesimama, kwa sababu palipokuwa na nafasi ya kukaa alinikalisha mimi.

DADA: Kwa hiyo yeye ndiye aliyeruka.

SHANGAZI: Sikuwahi kuliita hivyo.

DADA: Shangazi, saa nzima unamtetea Leopold, na wewe uliolewa na Kate.

Shangazi alitazama ukutani, ilipo picha yake na marehemu, kaunda suti aliyojishonea mwenyewe, kola imekaa sawa kana kwamba imekatwa jana. Alisema Masasi walikaa miaka 9. Mwaka wa kwanza marehemu alishonea juu ya meza ya darasa la tatu, jioni wanafunzi wakishatoka, akizungusha gurudumu kwa mkono kwa kuwa pedali ilibaki Tanga. Sare za shule nzima zilipita pale.

"Irudishe tena," akaniambia. "Siyo ya mezani. Ya darajani."

Nikairudisha. Kate yuko juu ya chuma, upepo unampiga, chini maji meusi. Tuliitazama mpaka aliporuka, na Shangazi akanyoosha mkono akaisimamisha yeye mwenyewe, akabaki anamwangalia yule mwanamke aliyening'inia hewani.